Mashine Haikusema "Sensa Mbovu"

Fundi anachomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, anasubiri kidogo, kisha anamgeukia mwenye gari: "Bosi, sensa ya throto imekufa. Tafuta nyingine." Kwenye kioo imeandikwa P0122. Spea inanunuliwa, inafungwa, taa ya injini inafutwa, na baada ya siku mbili inawaka tena kwa namba ileile. Naamini kosa hili huanzia kwenye tafsiri.

Maana kamili ya P0122 ni hii: volti iko chini mno kwenye saketi ya sensa ya mkao wa throto. Fundi amechukua sensa na throto, akaacha saketi, neno lililobeba habari yenyewe.

Tuanze na throto. Ni kibamba cha duara kinachogeuka ndani ya bomba la hewa iingiayo kwenye injini. Waingereza walilipata jina lake kwenye koo na kukaba. Nasi tunalo neno kaba, la mkabaji na la shingo ya kanzu, na lingefaa sana kama kabureta hazikuwa zimetuletea choki, ambacho ni kibamba kingine chenye kazi nyingine. Mimi nasema kilango cha hewa. Hewa itajwe, maana tumezoea kusema "kanyaga mafuta", ilhali kwenye injini ya petroli pedeli hufungua hewa, na kompyuta ndiyo inayopima mafuta ya kulingana nayo. Neno mkao nalo nalipendelea kuliko nafasi. Ukisema "nafasi ya kilango", msikilizaji anaweza kudhani unapima uwazi uliobaki pembeni, kumbe kinachopimwa ni jinsi kibamba kilivyogeuka. Kuhusu sensa, najua kuna kihisi, na najua sensa ni pia ile ya kuhesabu watu. Lakini gereji zimeshaamua, na hakuna aliyewahi kuchanganya hizo mbili akiwa chini ya boneti.

Saketi ndiyo nataka tuishike. Ni njia nzima ya umeme, kwenda na kurudi. Katika magari mengi yenye sensa ya kawaida ya aina hii kuna waya tatu: mmoja unaleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, mmoja ni ethi, wa tatu unarudisha ishara. Kilango kikifungwa, ishara huwa kwenye volti 0.5 hadi 0.9 hivi, kikifunguliwa chote, hukaribia 4.5. Sasa fikiria waya wa volti 5 umekatika, au waya wa ishara umechubuka ukagusa bodi, au soketi imeota kutu ya kijani. Ishara itashuka na P0122 itatokea, sensa ikiwa nzima kabisa. Ethi nayo ikikatika, ishara hupanda kuelekea volti 5, na kioo kitaonyesha P0123. Hiyo ni saketi ileile, safari hii volti ikiwa juu mno.

Ndiyo maana kupima huanzia kwenye waya. Chomoa soketi ya sensa, washa swichi bila kuwasha injini, weka maltimita: volti 5 zimefika? Ethi ipo? Kama kimoja hakipo, hakuna sensa mpya itakayokileta. Vyote vikiwepo, rudisha soketi, kisha fungua kilango polepole huku ukitazama volti za ishara. Zinatakiwa kupanda bila kukatika. Zikiruka au kuanguka ghafla katikati, njia ya ndani ya sensa imelika, mara nyingi pale karibu na mkao wa kufungwa ambapo kilango hushinda. Hapo kweli nunua spea. Zikicheza unapotikisa waya, tatizo umelishika mkononi.

Tafsiri yangu ya P0122, basi, ni volti chini mno kwenye saketi ya sensa ya mkao wa kilango cha hewa. Ni ndefu, na gereji itaikata. Ikate popote, ila ibakize saketi. Na wewe mwenye gari, ukiambiwa sensa imekufa, kabla hujatoa hela uliza: "Fundi, volti 5 zimefika kwenye soketi?"