Maskara haitoki kwa sabuni? Nimejaribu krimu ya kusafishia uso, haya ndiyo majibu

- Maskara isiyotoka kwa maji hutengenezwa kwa nta, hivyo inahitaji mafuta, si nguvu.
- Siri ya krimu ni kuiacha ikae kidogo kabla ya kufuta.
- Jicho likiuma au kutoa usaha, acha vipodozi na muone daktari.

Korogwe. Sendofu ilikuwa Handeni mjini na iliisha saa saba usiku. Nikapanda gari la watu wa familia, kilomita kama 65 hivi hadi Korogwe, nikafika nimechoka na kulala na wanja na maskara vilevile.

Asubuhi ukingo wa jicho la kulia umevimba na foronya ina michirizi myeusi. Nikafanya wanachofanya wengi wetu: sabuni ya kipande, maji na kusugua. Jicho likawaka moto, kope kadhaa zikabaki kwenye taulo, lakini maskara ipo palepale.

Kituo cha afya waliniambia ni chokea, kile kijipu kidogo cha ukingoni mwa jicho. Nilielekezwa kukanda kwa kitambaa safi cha maji ya moto kiasi, na nisipake chochote hadi lipone. Lilipopona, ndipo nikaamua kujaribu krimu ya kusafishia uso.

Kwa nini sabuni inashindwa

Maskara yenye neno ‘waterproof’ imetengenezwa makusudi ishinde jasho, machozi na mvua. Ndani yake kuna nta na viambato vinavyokauka na kuacha utando juu ya kope. Maji yanateleza tu juu ya utando huo.

Sabuni ya kipande nayo ina ukali wake. Kipimo chake cha pH mara nyingi ni kati ya 9 na 10, wakati machozi yako yako karibu na 7.4. Ndiyo maana inachoma. Ukiongeza kusugua, unang’oa kope na kuichosha ngozi ya kuzunguka jicho, ambayo ni nyembamba kuliko sehemu nyingine za uso.

Krimu ni mchanganyiko wa mafuta na maji. Mafuta yake yanalainisha nta, kisha uchafu unafutika kwa pamba. Wazo lenyewe ni la kale: Galen, daktari wa Kigiriki aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2, anatajwa kuwa mwanzilishi wa krimu ya nta ya nyuki, mafuta ya zeituni na maji ya waridi.

Usiku tatu za majaribio

Nilinunua krimu isiyo na manukato, yenye maelezo kwamba inafaa kwa eneo la macho.

*Usiku wa kwanza:* Nilipaka na kufuta hapohapo. Maskara ikasambaa hadi mashavuni, nikaonekana kama niliyepigwa ngumi. Karibu niitupe.

*Usiku wa pili:* Dada mmoja wa saluni alinicheka. “Mdogo wangu, una haraka ya nini? Iache ikae kwanza.” Nikaacha pamba yenye krimu juu ya jicho nikihesabu hadi 30. Wanja ulitoka wote mara moja, maskara ikataka raundi ya pili.

*Usiku wa tatu:* Nilijaribu mafuta ya nazi ili kulinganisha. Yalitoa maskara haraka zaidi, ila yaliingia jichoni na nikaona ukungu kwa muda. Krimu ni ya polepole lakini haichuruziki.

Kwa hiyo krimu inafaa, ila kwa maskara sugu usitegemee raundi moja.

Fanya hivi, hatua kwa hatua

1. Nawa mikono. Kama unavaa lenzi za macho, zitoe kwanza.
2. Uso ukiwa mkavu, weka krimu kiasi cha punje ya harage kwenye pamba.
3. Funga jicho, weka pamba juu yake na uhesabu hadi 30.
4. Vuta pamba taratibu kuelekea chini. Usisugue kwenda na kurudi.
5. Mabaki ya kwenye mizizi ya kope yatoe kwa kijiti cha pamba chenye krimu, jicho likiwa limefungwa.
6. Rudia kama bado, kisha osha kwa maji ya vuguvugu. Kila jicho na pamba yake.

Kama una kope za kubandika

Kope za kubandika ziliwahi kufika hadi bungeni. Mwaka 2018 Spika wa wakati huo, Job Ndugai, alipiga marufuku wabunge wanawake kuingia nazo ukumbini, baada ya kuelezwa madhara yake kiafya.

Za utepe, paka krimu kwenye mstari wa gundi, subiri ilainike, ndipo uvute. Zile zinazogundishwa moja moja saluni usizivute mwenyewe, utaondoka na kope zako. Rudi kwa fundi azitoe.

Kabla ya kununua

Soma kopo. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, orodha ya viambato na kama imeandikwa kuwa inafaa kwa macho. Tangu 2019 udhibiti wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Krimu ya kupimiwa kwenye kikopo kisicho na jina achana nayo, hata kama ni ya bei chee.

Kuwa makini pia na wanja wa unga au wa jiwe usiojulikana umetoka wapi, kwa sababu baadhi huwa na madini ya risasi.

Na shosti, tusichangie maskara wala taulo la uso. Trakoma, ugonjwa unaoweza kupofusha, huenea kwa mikono, vitambaa na inzi. Maskara ikishafunguliwa, wataalamu wa macho wanashauri uibadilishe baada ya miezi mitatu hivi.

Lini umuone daktari

Nenda hospitali kama jicho linauma, linatoa usaha, haliwezi kuvumilia mwanga au ukungu hauishi. Usitumie matone ya jicho ya jirani, kwani dawa nyingine zinaweza kuzidisha tatizo.

Ukirudi kwenye sherehe umechoka, hizi ni dakika 5 tu kabla ya kulala. Mimi siku hizi kikopo cha krimu na pamba vinakaa kwenye mkoba, hata nikilala ugenini.