Reli ya Kati: Chuma Juu ya Njia ya Wapagazi

Kabla ya reli, karibu mali yote iliyopita kati ya pwani na Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, ilipita mabegani mwa watu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 hivi, na safari ya kutoka Tabora hadi Bagamoyo ilihesabiwa kwa miezi. Posho ya msafara na hongo za watemi ziliongeza gharama kila kituo, kwa hiyo kilichofaa kubebwa ni kitu cha thamani kubwa, pembe za ndovu hasa. Nani angetembea miezi na mzigo wa karanga?

Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma Februari 1914: zaidi ya kilomita 1,200, upana wa mita moja. Mtaji ulikuwa wa Ujerumani. Tuta lilijengwa na Waafrika, wengi wakitafuta fedha ya kodi. Wanyamwezi walikuwa miongoni mwao, na kila taruma waliloweka liliipunguzia siku kazi ya baba zao. Bagamoyo, iliyokwisha kupoteza makao makuu ya serikali 1891, sasa ikapoteza na misafara. Mashamba ya mkonge yakapata njia ya kufikisha mzigo bandarini bila kutegemea kichwa cha mtu.

Mzigo wa ajabu kuliko yote ulikuwa meli nzima. Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaletwa kwa bahari kisha kwa treni, na kuungwa upya Kigoma. Iliingia majini 1915. Mwaka uliofuata, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani, wakikimbia, waliizamisha wenyewe, na madaraja ya reli wakayalipua. Waingereza, waliotwaa koloni baada ya vita, waliiopoa 1924. Tangu 1927 ikafanya kazi Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba.

Waingereza waliongeza tawi la Tabora hadi Mwanza, lililokamilika 1928. Kabla ya hapo pamba ya Usukuma ilivuka Ziwa Viktoria hadi Kisumu, ikateremka Mombasa; bandari ya Dar es Salaam iliisikia tu. Wabelgiji nao walipewa sehemu zao bandarini Kigoma na Dar es Salaam, wakapitishia humo mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi. Reli ya koloni moja ikawa mlango wa makoloni ya jirani.

Mwaka 1948 reli hiyo iliunganishwa na reli za Kenya na Uganda chini ya shirika moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Tanzania ikaunda shirika lake. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwenye reli mpya, ambayo ujenzi wake ulianza 2017. Ile ya zamani ilichukua miaka 9 kufika Ziwa Tanganyika, bila katapila.