Msondo Ndani ya Kompyuta: Nani Mwenye Mdundo wa Kilwa?

Miaka michache iliyopita, katika harusi moja mjini Kilwa Masoko, nilisikia msondo ninaoufahamu. Niliutambua kwa kipigo cha mkono wa kushoto, ambacho hukawia kidogo, kama mtu aliyekumbuka jambo mlangoni kabla hajatoka. Niligeuka kumtafuta mpigaji. Hapakuwa na mpigaji. Palikuwa na spika mbili, meza moja, na kijana aliyeinamia kompyuta ndogo. Mwenye mkono ule nilimkuta kesho yake Kilwa Kivinje, amekaa barazani kwake. Harusini hakuitwa. Na aliyeupeleka mkono wake ndani ya kompyuta ile ni mimi.

Nataka kulieleza jambo hili kwa utaratibu, kwa sababu wengi tunaojadili muziki wa programu na muziki wa bendi tunaishia kwenye ladha. Wazee husema ngoma ya kompyuta haina roho, vijana husema wazee wameachwa na wakati, kisha kila mmoja anarudi nyumbani. Historia ya pwani yetu inatuwekea swali gumu zaidi.

Nianze na kosa langu. Mpwa wangu ana studio ya chumba kimoja Dar es Salaam. Aliniambia: "Mjomba, sauti za ngoma ninazozipata kwenye intaneti ni za watu wengine. Nipeleke kwenu nikarekodi ngoma yenyewe." Nilifurahi. Nilimpeleka kwa mzee yule, ambaye alikubali kwa kuniheshimu mimi na marehemu baba yangu. Tuliwasha makuti, akauotesha msondo motoni hadi ngozi ikakaza, akaujaribu kwa kiganja, akaurudisha motoni, akaujaribu tena. Kisha mpwa wangu akamwomba asipige ngoma nzima. Alitaka pigo moja moja: la kiganja, la ncha za vidole, la ukingoni, kwa upole, kwa nguvu ya kadiri, kwa nguvu zote. Mzee alipiga mapigo zaidi ya mia, kila moja peke yake, kama mtu anayeombwa kuzungumza kwa kutaja herufi.

Alipoombwa mdundo mmoja aliokuwa ameugusia wakati wa kujaribu ngozi, alikataa. "Huo una wenyewe," alisema. "Haupigwi mchana, wala haupigwi mbele yenu." Mpwa wangu alizima kinasa sauti. Tulimpa mzee shilingi 30,000 na kilo mbili za sukari, tukaagana kwa heshima. Hatukuandikiana chochote. Mimi, ninayewafundisha wanafunzi kwamba mkataba usioandikwa humlinda mwenye nguvu, sikuandika hata mstari mmoja.

Sasa tuirudie historia, tukianza na onyo: tusijidanganye kwamba kulikuwa na zama ambazo muziki wa pwani haukuguswa na vyombo vya wageni. Beni, ile ngoma iliyoenea kutoka miji ya pwani ya Kenya tangu mwisho wa karne ya 19 na kuishika Tanganyika baada ya vita vya 1914 hadi 1918, iliiga gwaride na matarumbeta ya majeshi ya kikoloni. Vikundi vya Marini na Arinoti vilishindana kwa sare, vyeo na ngoma kubwa ya kijeshi. Terence Ranger, aliyeandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, alionyesha kwamba uigaji ule ulikuwa pia njia ya watu kujipanga, kusaidiana na kushindana ndani ya mji wa kikoloni. Chombo kilikuwa cha mgeni, lakini chama kilikuwa cha wenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa muziki wa dansi. Magitaa, saksafoni na dramu havikutoka Kilwa. Lakini watu wa mikoani waliohamia Dar es Salaam walivichukua vyombo hivyo wakavipa majina ya kwao. Western Jazz ilibeba jina la Jimbo la Magharibi. Kilwa Jazz, iliyoongozwa na Ahmed Kipande, ililibeba jina la Kilwa hadi kwenye kumbi za dansi na redio za Afrika Mashariki katika miaka ya 1960. Mtu aliyeondoka Kivinje akiwa na mkeka na sanduku la bati aliweza kusikia jina la kwao likitangazwa redioni, na waliolitangaza kwa vyombo vyao walikuwa watu anaoweza kuwaona jukwaani.

Tazama pia majina mengine. Bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha NUTA ilibadilisha jina kila chama kilipobadilika, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na mwisho ikasimama yenyewe kwa jina la Msondo Ngoma. Wapinzani wao wakubwa, Mlimani Park, walijulikana kwa mtindo wa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Bendi mbili zilizogawana mashabiki wa jiji zilijitambulisha kwa majina ya ngoma za asili. Waliojua kuwamba ngozi hawakuwa wanapiga dramu zile za kununua, lakini aliyepiga dramu alijua anamrithi nani.

Jambo la pili kuhusu bendi zile ni ajira. Mwanamuziki wa NUTA alikuwa mwajiriwa. Polisi, Jeshi la Kujenga Taifa na mashirika ya umma yalikuwa na bendi zao. Mfumo huo ulikuwa na adha zake: vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, nyimbo zilitarajiwa kusifia sera, na mpigaji aliyetofautiana na wakubwa aliviacha vyombo nyuma akatoka mikono mitupu. Sitaki kuupamba. Lakini ndani yake lilikuwamo wazo moja la msingi, kwamba anayewachezesha watu anafanya kazi, na kazi ina malipo yanayorudi kila mwezi.

Wazo hilo lilidhoofika kwa sababu za uchumi kabla kompyuta haijafika. Miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu, na kuagiza gitaa au ngozi za dramu kutoka nje lilikuwa jambo zito. Miaka ya 1990 ikaja na soko huria, mashirika ya umma yakajiondoa katika mengi, na redio binafsi zikahitaji nyimbo nyingi, mpya na za bei nafuu. Kijana asiye na bendi wala mwajiri alikuta mlango umefunguliwa na mashine. Tusimlaumu. Programu kama FruityLoops, iliyotolewa Ubelgiji mwaka 1997, ilimpa bendi nzima ndani ya chumba cha kupanga. Bongo Fleva isingezaliwa kwa kungoja vyombo vya shirika, wala singeli ya Manzese na Tandale isingepata ile kasi yake ya ajabu kwa mikono ya binadamu.

Ni vizuri pia tujue programu hizi zinafanya nini hasa. Programu huugawa mzunguko wa mdundo katika visanduku vilivyo sawa, mara nyingi 16. Kila kisanduku hupewa pigo au huachwa kimya. Pigo lenyewe mara nyingi ni sauti iliyorekodiwa kutoka kwa mpigaji halisi. Tangu Roger Linn wa Marekani alipotoa mashine yake ya LM-1 mwaka 1980, iliyohifadhi sauti za dramu za kweli kwa njia ya kidijitali, utaratibu umebaki ule ule. Kwa hiyo ndani ya ngoma ya namna hii yupo mpigaji, aliyekatwa vipande na kupangwa upya. Nilipokaa na mpwa wangu studioni nilimwona akiukuta mkono wa kushoto wa mzee ukiangukia katikati ya visanduku viwili. Aliusogeza ukae sawa. Akausikiliza, akatikisa kichwa, akaurudisha pale ulipokuwa. "Ukinyooka unakufa, mjomba," alisema. Kijana ana sikio. Ndiyo maana niliutambua mkono ule harusini.

Basi ubishi wa roho na kutokuwa na roho haunitoshi tena. Mdundo wa harusi ile ulikuwa mzuri, na watu walicheza. Kasoro yake ya usanii ilikuwa moja: haukuwaona wachezaji. Bibi harusi alipochoka, mdundo haukupunguza. Shangazi mmoja alipoingia katikati kwa mbwembwe, haukumjibu. Mpiga msondo hutazama miguu na mabega, naye huweza kumngoja mchezaji apumue. Lakini kasoro kubwa zaidi ilikuwa ya haki. Siku moja ya kazi ya mzee ilikuwa imegeuzwa kuwa kazi isiyo na mwisho, na kazi hiyo ndiyo iliyomnyima mwaliko wa harusi. Alikuwa anashindana na mikono yake mwenyewe, na mikono ile haikula, haikulala wala haikudai nauli.

Kilwa inapaswa kuielewa hali hii kuliko mji wowote. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta mji wenye fahari, na utajiri wake mkubwa ulitokana na dhahabu ya Sofala ambayo Kilwa haikuichimba. Dhahabu ilipita, Kilwa ikatoza ushuru. Anayelishika lango ndiye anayetajirika, na mchimbaji husahaulika. Leo zamu imegeuka. Tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya hii hii, inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Sehemu ya umeme unaoendesha kompyuta za studio za jiji ina asili ya Kilwa. Sasa na mdundo pia unasafiri kwa njia hiyo hiyo, kisha unarudi Masoko ndani ya spika, na lango la ushuru liko mbali.

Wapo watakaosema teknolojia haizuiliki. Kweli, na sijapendekeza izuiwe. Waingereza walijaribu: mwaka 1982 tawi la London la chama cha wanamuziki lilipitisha azimio la kutaka mashine za kuiga sauti za ala zizuiwe, na muziki ukaendelea kana kwamba hawakusema kitu. Mfano wenye manufaa ni wa zamani zaidi. Mwaka 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani, chini ya James Petrillo, kiliwagomesha wanachama wake wasirekodi santuri, kwa hoja kwamba santuri zilikuwa zinawaondoa wapigaji kazini kwa kutumia kazi ya wapigaji wenyewe. Mgomo ulidumu zaidi ya miaka miwili. Haukuiua santuri. Ulichopata ni mfuko: kampuni zilikubali kutoa malipo kwa santuri zinazouzwa, na fedha hizo zikawalipa wanamuziki kutumbuiza umma bila kiingilio. Yaani nakala ililipia utumbuizaji wa mikono mitupu. Wale walikuwa na chama. Mzee wetu wa Kivinje hana.

Sisi tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyomtambua mtumbuizaji na kuzigusa sanaa za jadi. Sheria hiyo inaanza kuwa na maana pale mtu anapojua kwamba alichofanya ni utumbuizaji, na pale afisa utamaduni wa wilaya anapokuwa na daftari lenye jina lake. Kwa ndugu zangu watumishi wa umma, pendekezo langu ni dogo na halihitaji bajeti kubwa. Kila anayekuja kurekodi ngoma wilayani apite ofisini na karatasi moja yenye mambo manne: jina la mpigaji litakaa ndani ya faili la sauti, malipo yatarudi kila sauti inapouzwa, mpigaji ana haki ya kutaja mdundo usiorekodiwa, na kukataa kwake kuheshimiwe, na nakala moja ibaki wilayani. Kwa wanaharakati: wapiga ngoma wahitaji chama kabla hawajahitaji tamasha. Kwa wanafunzi: mkienda kufanya utafiti mkiwa na kinasa sauti, kumbukeni kwamba nanyi mnachukua.

Nami nilirudi Kivinje na karatasi hiyo, nikiwa nimechelewa miaka miwili. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwalimu. Umeleta sukari?" Tulicheka, ingawa kicheko changu kilikuwa kizito. Nilimsomea mambo manne. Alilisikiliza la tatu mara mbili, kisha akasema hilo ndilo la kwanza, nililiweka chini kwa nini? Nilililipandisha juu. Mpwa wangu amekwisha kutia saini, na ametoa malipo ya kwanza, ambayo hayazidi gharama ya ngozi moja ya kuwambia. Sauti zile zimekwisha kugawiwa kwa watayarishaji ambao hatuwezi kuwahesabu, na hao hawakutia saini popote. Deni hilo ni langu.

Kabla sijaondoka, mzee aliniuliza kama kompyuta ile iliwahi kuuliza habari ya mdundo aliokataa kuupiga. Nikamwambia haiwezi kuuliza. Akaitika kwa kichwa, akaingia ndani kuutoa msondo, kwa sababu kulikuwa na wajukuu wawili uani waliokuwa wakimngoja awafundishe, na makuti yalikuwa tayari yanawaka.