Gobore la Usukuma: Kwa Nini Bunduki ya Kale Haikuachwa

Wageni wapitao katika nchi ya Shinyanga na Geita, wakisikia habari za gobore, hudhani kwamba chombo hicho kilidumu kwa sababu wenyeji hawakujua kilicho bora. Sisi twaona sivyo. Desturi ikidumu miaka mia na zaidi ina sababu zake, nazo zapatikana katika maneno ya lugha, katika habari za biashara na sheria, na katika kazi yenyewe ya mwindaji. Tutazieleza moja moja.

Tuanze na maneno. Neno bunduki limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni jina la kokwa. Kisha likawa jina la kidonge cha kutupa, na mwisho jina la silaha irushayo kidonge. Risasi ni jina la madini yenyewe kwa Kiarabu. Lakini mzinga ni neno la watu wetu: kwanza ni gogo lililotobolewa kwa ajili ya nyuki, kisha likapewa silaha kubwa kwa kufanana umbo. Nazo bunduki zilipangwa kwa jinsi zinavyowashwa. Ya mrao huwashwa kwa utambi. Ya gumegume hutoa cheche kwa jiwe. Ya fataki hupigwa kwa kifuniko kidogo chenye dawa ya kulipuka. Na ya kuvunja hufunguliwa nyuma na kutiwa kiasi. Gobore ni jina la zile zijazwazo kwa mdomo, yaani baruti hutiwa mtututuni, kisha risasi, na vyote hushindiliwa kwa mdeki. Lugha iliyopanga mambo hivyo si lugha ya watu wasiotambua tofauti.

Kabla ya bunduki, Wasukuma na Wanyamwezi waliwinda kwa upinde, mkuki na mitego. Wawindaji wa tembo walikuwa na chama chao, Bayege, chenye mafundisho, nyimbo na dawa zake. Naye mtemi alikuwa na haki yake katika pembe. Misafara ilipoanza kwenda pwani na pembe, ilirudi na nguo, shanga na bunduki. Hivyo bunduki iliingia kwa mlango wa uwindaji, ikatoka kwa mlango wa vita. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga enzi yake kwa rugaruga, na wengi wao walichukua magobore.

Bunduki hizo zilitoka wapi? Majeshi ya Ulaya, tangu miaka ya 1860, yaliacha bunduki za kujazwa kwa mdomo yakachukua zile za kujazwa nyuma. Zilizoachwa hazikutupwa, bali ziliuzwa, na nyingi zilifika Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Waingereza huko, Euan-Smith, alikisia kwamba bunduki 80,000 hata 100,000 huingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Ndipo mataifa yakakutana Brussels, na tarehe 2 Julai 1890 yakatia sahihi mkataba uliokataza kuingiza silaha katika nchi zilizo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Lakini mlango mmoja uliachwa wazi: bunduki ya gumegume isiyo na michirizi ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuuzwa kwa ruhusa ya serikali. Msomaji na aangalie sana jambo hili. Mwafrika hakuchagua gobore kati ya silaha zote za dunia. Alifungiwa nyingine zote, akaachiwa hiyo.

Maana silaha mpya zilikuwa zimekwisha kuonekana. Stanley alifika Kagehyi, kwenye pwani ya ziwa, mwezi wa Februari 1875. Na mwaka 1889, akirudi pamoja na Emin Pasha, alipita tena Usukuma akapigana na wenyeji. Safari hiyo ya pili ilipoanza ilikuwa na bunduki 50 za Winchester, zile zenye wenzo chini ya kitako: mkono hushusha wenzo na kuupandisha, na kiasi kipya huingia chenyewe mahali pake. Mwenye gobore, akiisha kupiga mara moja, hana budi kusimama na kushindilia upya, na huku adui yake aendelea kupiga. Basi watu waliopigwa kwa silaha hizo walizijua kuliko aliyezisoma kitabuni.

Hata hivyo sheria peke yake haielezi mapenzi. Gobore lina faida zake porini. Halihitaji kiasi cha kiwandani. Risasi ikikosekana, vipande vya chuma hutumika. Likiharibika, huweza kutengenezwa karibu, kwa kuwa nchi hii haikukosa wafua chuma. Warongo wa Uzinza, upande wa Geita, walikuwa mashuhuri kwa kuyeyusha chuma. Tena gobore lamfundisha mtu. Mwenye mlio mmoja tu hapigi ovyo: hana budi kujua upepo, kusoma nyayo, kumnyemelea kongoni au pongo mpaka awe karibu sana, na kungoja. Subira yavuta heri, na kwa mwindaji wa gobore methali hiyo ndiyo riziki yake.

Jambo kama hili halimo kwetu tu. Huko Marekani, Winchester ya mwaka 1894, iliyobuniwa na John Browning, imetengenezwa zaidi ya milioni 7, na hata leo wako wengi waipendao kwa kuwinda mnyama yule ambaye wafasiri wetu wa Biblia walimwita ayala, kwa kuwa hayumo katika mapori yetu. Zipo bunduki zipigazo mbali zaidi, lakini msituni mnyama huonekana karibu, na silaha nyepesi iliyozoewa na baba yatosha. Ila tofauti ni hii: wao huchagua ya kale huku duka limejaa mpya.

Wala tusisifu bila kipimo. Gobore lililochakaa huweza kupasuka usoni mwa mwenyewe, na mnyama aliyejeruhiwa kwa vipande vya chuma hufa polepole mbali na mwindaji. Tena uwindaji wenyewe umebadilika. Tangu amri ya Wissmann ya mwaka 1896 serikali zimedai kibali. Leo sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 na ile ya silaha ya mwaka 2015 zatawala jambo hili, na mapori ya Rubondo na Burigi-Chato yamekuwa hifadhi za taifa, la kwanza mwaka 1977, la pili mwaka 2019. Baba aliyeitwa mwindaji na mtoto aitwaye jangili huenda wamefanya kazi ile ile kwa chombo kile kile.

Na watu wenyewe wamejua kupima. Sungusungu walipoinuka Shinyanga na Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, juu ya wezi wa ng'ombe ambao baadhi yao walikuwa na bunduki, walishika upinde na mishale, silaha ya zamani kuliko gobore. Kwa hiyo yafaa wazee waulizwe maneno, mafundisho na desturi za uwindaji wangali hai, zipate kuandikwa. Bunduki yenyewe ikabidhiwe serikali kama sheria iagizavyo. Lakini maarifa ya upepo, nyayo na subira hayana kibali cha kudaiwa, wala hakuna amri iwezayo kuyarudisha yakiisha kuzikwa.