Ulingo wa kulinda shamba: angalia nguzo mbele ya kupanda

Mahindi na mpunga vikikaribia kukomaa, wakulima wengi wa kandokando ya Hifadhi ya Okapi, katika jimbo la Ituri, wanaacha nyumba na kwenda kulala shambani. Wanapanda juu ya ulingo, ile meza ya miti iliyoinuliwa. Mchana wanafukuza nyani, usiku wanasikiliza nguruwe wa pori ao tembo. Lakini ulingo wenyewe unaweza kuvunja mtu mgongo, zaidi ule uliobaki tangu mwaka jana.

Fasi ya kujenga

Usijenge kwenye njia ya tembo. Nguzo zako ni kitu kidogo kwake, anaweza kuziangusha akipita tu. Kimbia pia mti wenye matawi makavu juu, na mti mrefu unaosimama peke yake, juu ya radi. Mita tatu kwenda juu zinatosha kuona shamba. Ukizidisha hapo, unazidisha tu uzito wa kuanguka.

Nguzo na kamba

Chagua mti mgumu, uondoe maganda. Hiyo inachelewesha kuoza na mchwa. Ukitegemea mti ulio hai, usitumaini misumari tu: mti unakua, upepo unautikisa, na misumari inalegea. Kamba za pori zikikauka nazo zinalegea. Wengi wanafunga na mipira ya matairi ya zamani, lakini jua linaipasua, kwa hiyo nayo inabadilishwa.

Kila msimu, mbele ya kupanda

- Chimba kidogo kwenye mguu wa kila nguzo, uchome na ncha ya panga. Panga likiingia kama kwenye muhogo, badilisha nguzo. Kuoza kunaanza pale udongo unapokutana na hewa, hata kama juu kunaonekana kuzuri.
- Tikisa ulingo ukiwa chini.
- Jaribu kila kipago cha ngazi, uanze na cha chini.
- Fungua kamba zote za zamani na ufunge mpya.
- Weka uzio wenye kufika kiunoni pande zote. Mtu mwenye usingizi hajui mwisho wa ulingo uko wapi.

Usiku

Usipande na panga mkononi: livute na kamba ukiisha kufika juu. Moto uwashwe chini, mbali na nguzo na majani ya paa. Mvua ya radi ikianza, shuka uende nyumbani. Tembo akiingia, piga kelele na madebe ukiwa mbali, na usishuke kumfukuza kwa miguu. Mavuno yanaweza kulimwa tena.

Kulinda si kuwinda

Ulingo hautoi ruhusa ya kupiga mnyama risasi. Tembo, okapi na sokwe wanalindwa na sheria za nchi, kama ile ya uwindaji ya 1982 na ile ya uhifadhi wa mazingira ya 2014. Anayewaua anaweza kufungwa na kutozwa faini. Shamba likiharibiwa, mwite chifu wa kijiji na walinzi wa ICCN waone nyayo na mimea iliyovunjika wakati bado ni mbichi. Mvua moja inatosha kufuta ushahidi wako wote.