Daftari la Nchi: Mizani ya Biashara Katika Kitale na Bungoma

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nchi nayo ina daftari lake. Upande mmoja huandikwa thamani ya bidhaa zinazouzwa nje. Upande wa pili, thamani ya zile zinazonunuliwa huko. Upande wa kununua ukiuzidi ule wa kuuza, biashara ya nchi husemwa kuwa ina nakisi. Mwaka 2023 Kenya iliuza nje bidhaa za shilingi trilioni 1 hivi, ikanunua za shilingi trilioni 2.6 hivi. Wako wasemao kuwa hiyo ni njia ya ufukara. Wengine hujibu kwamba nchi changa haina budi kununua mitambo kwanza, ndipo iweze kutengeneza vitu vyake. Ili tuamue baina yao, na tutazame yaliyotukia Kitale na Bungoma.

Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, nayo iligharimu zaidi ya pauni milioni 5 za Uingereza. Ili gharama hiyo irudi, ilibidi ipatikane mizigo ya kuteremka pwani, kwani mabehewa matupu hayalipi nauli. Kwa sababu hiyo walowezi waligawiwa ardhi za bara, na Trans Nzoia ikawa nchi ya mahindi. Mwaka 1922 kamati ya Bowring ilishauri nauli ya mahindi yaendayo ng'ambo ipunguzwe. Baadaye njia mpya ilijengwa kupitia Eldoret, ikatoa tawi la kwenda Kitale, na njia kuu ikapita Bungoma hata kufika Kampala mwaka 1931. Walakini, bei za mazao duniani zilianguka tangu mwaka 1929, na reli yote ile haikuweza kuziinua. Auzaye zao moja bichi hupangiwa bei na mnunuzi. Tena, vibarua Waafrika waliolima mashamba yale hawakuwa wenye mavuno. Basi daftari laweza kupendeza huku mlimaji akilala njaa.

Mfano wa pili watoka Bungoma. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, na bei ya kahawa ikapanda mno. Wakati huo Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin, na mkulima wa huko alilipwa kidogo sana. Kahawa ikavushwa kwa magendo katika miteremko ya Mlima Elgon, ikauzwa katika soko la Chepkube, upande wa Bungoma. Fedha zilimiminika, na daftari la Kenya likanawiri. Lakini bei ilipoteremka, mazoea ya kununua vya nje hayakuteremka nayo. Mwaka 1978 nakisi ilipanuka sana. Neema isiyopandwa haina mbegu.

Mfano wa tatu ni kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza kazi mwaka 1974. Mitambo yake ilinunuliwa ng'ambo, tena kwa mikopo. Katika daftari gharama hiyo ilikuwa nakisi. Hata hivyo iliizalia nchi karatasi, na ikawapa watu wengi kazi. Hapa wale wasemaji wa pili wana haki. Lakini mwaka 2009 kiwanda kilisimama, kikiwa kimeelemewa na madeni, na mji wa Webuye ukasinyaa. Ingawa baadaye kilifunguliwa tena chini ya wenyewe wapya, tulijifunza kwamba kununua mtambo ni mwanzo tu. Kuutunza na kuuendesha kwa uaminifu ndiyo kazi yenyewe.

Linganisha hayo na mwaka 2017. Baada ya ukame na viwavijeshi kuharibu mazao, meli ilileta Mombasa mahindi kutoka Mexico, ingawa Kitale imeitwa ghala la Kenya kwa muda mrefu. Kumlisha mwenye njaa si kosa. Lakini unga ukishaliwa umekwisha. Hauzai kitu cha kulipia unga wa mwaka ujao.

Kwa hiyo nakisi peke yake haitoshi kuihukumu nchi. Lazima tuulize: kimenunuliwa nini, kimemfaa nani, na kitalipwa kwa nini? Leo sehemu ya pengo huzibwa na fedha zinazoletwa na Wakenya walioko ng'ambo, sehemu na watalii, na sehemu kwa mikopo. Mbili za kwanza ni jasho. Ya tatu ni ahadi, nayo ahadi hutimizwa na wale watakaokuja. Wahenga walituonya, "Kukopa harusi, kulipa matanga." Msomaji, wewe unayesoma sasa ndiwe utakayelipa. Jifunze basi kulisoma daftari la nchi yako mapema, ili siku utakapotakiwa kulipa, ujue kama ulinunuliwa mtambo au ulinunuliwa karamu.