Watu wa Mlima na Mashua: Historia Fupi ya Mbio za Makasia na Kanuni Zake



Baada ya hesabu ya fedha na taarifa za karo na mazishi, ni desturi ya kijitabu hiki kutenga kurasa chache kwa ajili ya historia. Safari hii nimechagua jambo ambalo huenda likawachekesha baadhi yenu, nalo ni mashua za mbao na mashindano ya kupiga makasia. Mtu wa Meru au wa Embu ataniuliza, "Sisi na mashua tuna nini?" Sisi ni watu wa mlima, wa ndizi na mtama, wa kahawa na miraa. Mito yetu hushuka kwa kishindo katikati ya mawe, wala haichukui chombo. Nawaomba subira. Ninayo majibu matatu, na mwisho wake nina jambo la kuuliza uamuzi wenu.

SISI NA MAJI

Jibu la kwanza ni la mapokeo. Wazee wa Meru wamesimulia vizazi na vizazi kwamba asili yetu ni Mbwaa, mahali penye maji makuu, ambako watu walitawaliwa na Nguo Ntuune, yaani wenye nguo nyekundu. Wakaongozwa na Koomenjoe, wakayavuka maji na kuja zao. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, na waliovuka mchana wakaitwa Njeru. Baadhi ya wanahistoria, miongoni mwao Jeffrey Fadiman, wameitafuta Mbwaa katika kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Wengine wana shaka. Ndugu zetu wa Embu wana simulizi yao ya Mwene Ndega na kisitu chake karibu na Runyenjes, ambamo bahari haina nafasi kubwa. Sitaki kuamua neno hilo hapa. Natosheka kusema kwamba katika simulizi ya Mbwaa inayojulikana sana, maji yaligawanyika na watu wakapita kwa miguu. Tuliyakumbuka maji, tukakumbuka na utaratibu wa kuvuka, lakini chombo hatukukitaja.

Jibu la pili ni la mikono. Mtu wa Tharaka au wa Mbeere achongaye mzinga wa nyuki huchagua gogo lililonyooka, hulitoboa na kulikomba ndani mpaka unene wake ulingane pande zote, tena bila kulipasua. Kazi hiyo ni ndugu ya kazi ya Mpokomo achongaye mtumbwi huko chini ya mto Tana. Shoka na tezo ni zile zile. Tofauti ni kwamba mmoja huweka asali na mwingine huweka watu.

Jibu la tatu ni la zama zetu. Mto Tana, upokeao maji ya Mlima Kenya, umezuiwa katika mpaka wa kusini wa Embu ili kutoa umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mahali palipokuwa bonde kavu sasa pana maziwa, na watu huvua samaki humo. Watoto wetu wa nchi ya chini wamekuwa watu wa mashua kabla wazee hawajapata nafasi ya kulizungumza jambo hilo.

VYOMBO VYA KUSHONWA

Afrika ya Mashariki ilikuwa na vyombo viwili vya ajabu ambavyo havikutumia msumari hata mmoja, kimoja baharini na kimoja ziwani.

Cha baharini ni mtepe, chombo cha watu wa visiwa vya Lamu. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba, na omo yake ilichongwa mfano wa kichwa chenye shingo ndefu na kupakwa macho. Mtepe ulipenyeza maji, na mabaharia hawakuacha kuyakumba. Lakini ulipogonga mwamba ulinepa, na mbao zenye misumari hazinepi. Ulichukua mizigo kwa karne nyingi, kisha ukatoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 2003 mmoja ulijengwa upya Unguja, ukapewa jina la Shungwaya, ukawekwa katika jumba la Beit al-Ajaib. Mnamo Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka.

Cha ziwani ni mtumbwi wa Waganda na wa visiwa vya Sese. Fundi alianza na gogo moja refu, akalichonga liwe mkuku, na ncha yake akaiacha itokeze mbele ya chombo kama mdomo. Juu ya mkuku alishona mbao kwa nyuzi za mwale, akaziba matundu kwa nyuzi za mgomba, kisha akapaka udongo mwekundu. Mbele alisimamisha mti uliopinda, akaupamba kwa pembe za paa na manyoya. Wapigaji walikaa wawili wawili juu ya mbao zilizopita kutoka ubavu mpaka ubavu, kila mmoja na kafi lake. Mkuu wa mitumbwi ya Kabaka alikuwa Gabunga, wa ukoo wa Mamba.

Henry Stanley alipofika Usavara mwezi wa Aprili mwaka 1875, Kabaka Mutesa alimwonyesha mitumbwi yake ikishindana. Stanley aliandika kwamba siku moja aliona zaidi ya mitumbwi 80, kila mmoja una wapigaji kati ya 30 na 50. Na mtumbwi mkubwa kuliko yote aliouona ulikuwa na urefu wa futi 72. Lile lilikuwa gwaride la vita, lakini lilikuwa mbio vilevile, na Kabaka ndiye aliyekuwa mwamuzi.

Ufalme wa Buganda ulipokomeshwa katika miaka ya 1966 na 1967, na kurudishwa mwaka 1993, mashindano ya mitumbwi baina ya koo yalirudi nayo. Ukoo kushindana na ukoo ni jambo jema, maana vijana hujifunza majina ya babu zao wakiwa wameshika kafi. Lakini ule ufundi wa kushona kwa nyuzi za mwale haukurudi. Msumari umechukua nafasi yake, na mitambo imechukua nafasi ya kafi katika kazi za kila siku. Mbio zimeuhifadhi ukoo na kafi. Mshono hazikuuhifadhi, kwa kuwa hapakuwa na kanuni iliyoutaja.

KANUNI YA CHOMBO

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Katika mbio za miguu watu wote wana miguu miwili. Katika mbio za mashua mtu hushindana kwa mikono yake na kwa chombo chake pamoja. Chombo kirefu na chembamba hukata maji kwa wepesi, lakini hupinduka upesi wala hakichukui mzigo. Chombo kifupi na kipana hukaa imara, lakini husukuma maji mengi mbele yake. Tofauti ya futi mbili za urefu yaweza kushinda nguvu za vijana wawili. Kwa hiyo, pasipo kanuni ya chombo, mwenye fedha hushinda kabla ya filimbi kulia. Waswahili wamesema kwamba dau la mnyonge haliendi joshi, na likienda joshi ni Mungu kupenda.

Tutazame mifano miwili kutoka Uingereza, nchi iliyoandika kanuni zake mapema.

Mwaka 1715 mwigizaji mmoja, Thomas Doggett, alianzisha mbio za vijana waliokuwa wamemaliza kufundishwa kazi ya kuvusha abiria katika mto Thames huko London. Tuzo ilikuwa koti na beji ya fedha. Walishindana kutoka daraja la London mpaka Chelsea kwa mashua zile zile za kuchukulia abiria, tena dhidi ya mkondo wa maji. Mbio hizo hazijakoma. Lakini leo hupigwa kwa chombo chembamba cha mtu mmoja kisichoweza kubeba hata kikapu, na maji yakisaidia. Koti lipo, beji ipo, ila mashua ya kazi haimo tena.

Mfano wa pili ni wa Cornwall. Huko palikuwa na mashua za makasia sita zilizowapeleka marubani kwenye meli. Aliyefika kwanza ndiye aliyepata kazi, na kwa hiyo mashua hizo zilijengwa nyepesi na zenye mbio. Kazi hiyo ilipokwisha, mashua zilikaribia kwisha. Wapenzi wake walifanya jambo la busara: walichukua mashua moja ya zamani, Treffry, iliyojengwa na William Peters mwaka 1838, wakaifanya kipimo cha zote. Mashua yoyote ya kushindana sharti iwe na urefu wa futi 32 na upana wa futi 4 na inchi 10, iwe ya mbao za mti wa elm, na mkaguzi huikagua ingali ikijengwa. Tangu mwaka 1990 hukutana kila mwaka katika visiwa vya Scilly kwa mashindano makuu. Matokeo yake ni kwamba maseremala wa Cornwall wangali na kazi.

Basi tofauti ni hii. Kanuni imtajayo mshindi peke yake humhifadhi mshindi peke yake. Kanuni itajayo mbao na vipimo humhifadhi seremala, na humpa maskini nafasi sawa na tajiri.

MAZIWA YETU YA TANA

Sasa narudi nyumbani. Ikiwa siku moja vijana wa Embu na wa Meru watashindana katika mojawapo ya maziwa yale, nashauri wazee watunge kanuni kabla ya tuzo kutangazwa, maana tuzo ikitangulia kila mtu atakuja na chombo chake na hoja yake.

Kwanza, ichaguliwe mashua moja ya kazi, ile ambayo mvuvi wa kawaida aweza kuvulia siku ya pili yake. Urefu, upana, kina na aina ya mbao viandikwe, na kila mashua ipimwe ikiwa bado mikononi mwa seremala.

Pili, idadi ya wapigaji na mshika usukani iwe moja kwa wote, na mashua zigawanywe kwa kura asubuhi ya mashindano. Huko Venice, katika mbio zao kuu, vyombo hufanana na kutofautishwa kwa rangi, na kura ndiyo huamua nani apate kipi. Hivyo hakuna awezaye kulaumu chombo.

Tatu, kila mashua ishikwe tezi mpaka ngoma ilie. Penye kugeukia boya, mashua iliyo upande wa ndani ipewe nafasi ya kupita.

Nne, uhai utangulie ushindi. Maji ya Tana yana mamba na viboko, na vijana wengi wa kwetu hawajui kuogelea. Mahali pa mbio pachaguliwe na wavuvi wanaopajua, kila mpigaji avae vazi la kuelea, na mashua ya uokoaji iwe majini tayari. Wapigaji watakaoacha mbio ili kuokoa waliopinduka wasihesabiwe kuwa wameshindwa. Wapewe nafasi waliyokuwa nayo walipogeuka.

Tano, ugomvi ukatwe siku ile ile na wazee wasiogawanyika sawa kwa hesabu, wala mzee asihukumu mashua ya ukoo wake. Watu wenye Njuri Ncheke na wenye mabaraza ya kiama hawahitaji kufundishwa na mgeni jinsi ya kusikiliza pande mbili.

Watakuwapo wanachama watakaosema kwamba fedha za chama ni za karo na mazishi, si za michezo. Wanasema kweli, nami siombi fedha. Naomba mambo mawili yasiyogharimu kitu ila muda. La kwanza ni kwamba wanachama wenye jamaa kando ya maziwa wazipime mashua zinazotumika sasa, na kuandika vipimo vyake pamoja na namna zinavyojengwa, maana nimeeleza jinsi vyombo vya kushonwa vilivyopotea. La pili ni kwamba mkutano mkuu ujao uamue kama vijana wetu wafundishwe kuogelea. Hata kama hapatakuwa na mbio kamwe, mtoto ajuaye kuogelea hupunguza hesabu ya mazishi katika kijitabu hiki.

Nawaachia wazee neno hili walipime.